ZAWADI HAIFUTI DENI: WAJIBU WA MAKAMPUNI KWA JAMII

Hotuba kwa viongozi wa walei, Ole, Pemba



Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo kwa muda mrefu limejadiliwa katika vyuo vikuu vya mbali, na ambalo sasa limefika mlangoni petu. Jambo lenyewe ni wajibu wa makampuni kwa jamii. Swali letu la leo ni fupi: kampuni ikichimba kisima au ikiezeka shule, je, imetimiza wajibu wake kwetu? Jibu langu nalo ni fupi, nami nitajitahidi kulieleza hatua kwa hatua: zawadi haifuti deni.

1. Kwa nini tuzungumze jambo hili

Tuanze na mfano wa kubuni, ambao haumlengi mtu yeyote wala kampuni yoyote. Mwekezaji anataka eneo la pwani. Kabla mkataba haujasomwa mbele ya wananchi, analeta mabati ya shule, madawati hamsini na mashine ya kusukuma maji. Sherehe inafanyika, picha zinapigwa, wazee wanatoa shukrani, viongozi wa dini wanaombwa wabariki. Baada ya miezi sita njia ya kwenda pwani imefungwa. Mama mmoja, ambaye tangu utoto wake amepita njia ile kwenda kuokota chaza, anauliza sababu. Anajibiwa kwa maneno mawili tu: "Mbona mlipokea?"

Ndugu zangu, maneno hayo mawili ndiyo yaliyonileta hapa. Mama yule hana la kujibu. Si kwamba hana haki. Hakuna aliyemfundisha tofauti kati ya kile alichopewa na kile anachodai. Tunaishi katika kisiwa ambacho mazao yake yamewatajirisha wengi wasiokijua. Karafuu zetu zimepita baharini kwa karne mbili. Mwani wetu unasafiri hadi viwanda vya Ulaya na Asia. Pwani zetu sasa zinatafutwa na wenye mahoteli. Watakuja, na wengine wao watakuja na zawadi. Yafaa watukute tumekwisha kujadiliana.

2. Wataalamu wamesema nini

Wengi hudhani kwamba fikra ya wajibu wa makampuni ilizaliwa katika ofisi za makampuni yenyewe. Sivyo hasa. Mwaka 1953 mwanauchumi Howard Bowen wa Marekani alitoa kitabu juu ya wajibu wa kijamii wa mfanyabiashara, na kitabu hicho kilikuwa kimoja katika mfululizo wa vitabu vya maadili ya Kikristo na uchumi ulioanzishwa na baraza la makanisa ya nchi hiyo. Kwa hiyo tunapolizungumza jambo hili kanisani hatuingilii shamba la watu wengine. Kanisa lilikuwamo tangu mbegu ilipopandwa.

Mwaka 1970 mwanauchumi mwingine wa Marekani, Milton Friedman, alipinga kwa nguvu. Alisema kwamba wajibu wa kampuni ni kuongeza faida, mradi ifuate kanuni za mchezo. Wengi wetu hatukubaliani naye, lakini tumsikilize katika jambo moja. Alieleza waziwazi kwamba kampuni kubwa katika mji mdogo ina sababu zake za kibiashara za kutoa msaada mjini hapo: hupata wafanyakazi kwa urahisi, hupunguza hasara, hujipatia jina jema. Kwake, kuuita msaada huo wajibu ni kuivisha faida kanzu nyeupe. Huyo alikuwa mtetezi wa makampuni, si adui yao.

Mwaka 1991 Archie Carroll alichora piramidi yenye ngazi nne. Ya chini kabisa ni kuzalisha na kupata faida, kwa sababu kampuni iliyofilisika haimsaidii mtu. Ya pili ni kutii sheria. Ya tatu ni kutenda lililo haki hata pale sheria isiposema. Ya nne, iliyo juu kileleni, ni ukarimu. Angalieni zawadi iko wapi: ni ya mwisho. Lakini mwaka 2006 mtafiti Wayne Visser aliyachunguza mambo ya Afrika akaona mpangilio umegeuka. Kwetu ukarimu umeshuka hadi ngazi ya pili, mara tu baada ya faida, na sheria na maadili vimesukumwa juu, mahali pasipofikiwa kwa urahisi. Mahitaji yetu ni makubwa, na utamaduni wetu unaheshimu mtoaji. Ndiyo maana tunapima wema wa kampuni kwa kile ilichotoa. Ni sawa na kuezeka paa kabla ya kusimamisha kuta.

Kuna utafiti mwingine unaopaswa kututafakarisha. Mwaka 2003 Joshua Margolis na James Walsh walikusanya tafiti 127 zilizofanywa kati ya mwaka 1972 na 2002. Nyingi kati yake zilielekea kuonyesha kwamba kampuni yenye kuijali jamii haipotezi, bali hupata. Lakini waandishi hao wawili walitoa onyo: kwa miaka thelathini wataalamu walikuwa wakiuliza kama wema unailipa kampuni, na ni wachache waliouliza kama wema huo unaifaa jamii inayopewa. Swali hilo la pili ni letu. Tusipoliuliza sisi, hakuna atakayetuulizia.

3. Mkakati wa nje ya soko

Sasa nielezee neno ambalo huenda ni geni masikioni mwenu: mkakati wa nje ya soko. Mwaka 1995 profesa David Baron wa Chuo Kikuu cha Stanford aliandika kwamba kampuni hufanya kazi katika viwanja viwili. Kiwanja cha kwanza ni soko: kununua, kuuza, bei, ubora. Kiwanja cha pili ni kila kitu kinacholizunguka soko: serikali na sheria zake, wananchi, magazeti, vyama, mahakama, na sisi watu wa dini. Kampuni yenye busara, alisema, hupanga mbinu zake katika viwanja vyote viwili kwa pamoja.

Kisiwa hiki kilikijua kiwanja cha pili kabla profesa hajakipa jina. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilianzisha Chama cha Wakulima wa Karafuu. Mwaka 1937 sheria mpya zilikipa chama hicho mamlaka makubwa juu ya biashara ya karafuu, na wafanyabiashara wa Kihindi wakaona wanafungiwa mlango. Hawakujibu kwa bei peke yake. Waligoma, na chama cha Congress kule India, soko kubwa la karafuu zetu, kikaunga mkono mgomo huo. Mwaka 1938 serikali ikalazimika kupatana nao. Bei ya karafuu iliamuliwa kwa sheria, mgomo na siasa za nchi mbili, wala si kwa mizani tu. Mchumaji wa Pemba, aliyekuwa juu ya ngazi na pakacha lake, hakuwa na kiti katika mapatano yale.

Mfano wa pili unatoka Indonesia, nchi inayotumia karafuu nyingi kuliko zote kwa ajili ya sigara zake za kretek. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 shirika lililoongozwa na mtoto wa Rais Suharto lilipewa haki ya peke yake ya kununua karafuu kutoka kwa wakulima na kuwauzia wenye viwanda. Sababu iliyotangazwa ilikuwa kuwalinda wakulima wasiyumbishwe na bei. Matokeo yalikuwa kinyume: wakulima waliumia, na wengine waliiacha mikarafuu yao. Shirika hilo lilivunjwa mwaka 1998. Hapa tunajifunza kwamba hata maneno "kwa faida ya mkulima" yanaweza kuwa mbinu ya kiwanja cha pili.

Ndugu zangu, msinielewe vibaya. Sisemi kwamba kila mbinu ya nje ya soko ni hila. Kampuni kuzungumza na wananchi ni jambo jema, na kutafuta urafiki na majirani ni jambo la kibinadamu. Ninachosema ni kwamba zawadi inayotolewa na kampuni mara nyingi imepangwa katika hesabu zake, pamoja na mishahara na mafuta ya magari. Yeye aliyeitoa anajua thamani ya kile anachotarajia kukipata. Haifai mpokeaji awe peke yake asiyejua.

4. Kakao, karafuu na dhamiri

Nataka sasa niwasimulie habari moja ya zamani inayotufundisha kwamba hata watu wema wanaweza kunaswa na jambo hili.

Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani wa Zanzibar, kwa shinikizo la Waingereza, alitoa amri ya kuondoa utumwa kisheria katika Unguja na Pemba. Fidia ililipwa kwa mabwana. Mtumwa aliyepoteza miaka ya jasho lake hakulipwa kitu, tena ilimbidi aende mwenyewe kuuomba uhuru wake. Mwaka huohuo Wakristo wa dhehebu la Marafiki, wanaoitwa pia Quaker, walifika hapa Pemba wakaanzisha misheni yao huko Banani, upande wa Chake Chake, katika shamba la mikarafuu, ili walioachiliwa wapate kazi ya ujira na mafundisho.

Miongoni mwa Marafiki wa Uingereza walikuwamo wenye viwanda vya chokoleti, familia ya Cadbury. Hao walisifiwa sana. Karibu na kiwanda chao cha Bournville walijenga nyumba nzuri zenye bustani, na wakawajali wafanyakazi wao kuliko wenye viwanda wengi wa wakati ule. Kama kungekuwa na tuzo ya wajibu kwa jamii, wangeipata. Lakini mwaka 1901 William Cadbury alipata habari kwamba kakao waliyoinunua kutoka kisiwa cha São Tomé, koloni la Wareno katika Afrika Magharibi, ilikuwa ikilimwa na watu waliochukuliwa Angola na kushikwa kama watumwa, ingawa katika karatasi waliitwa vibarua wa mkataba.

Kampuni ilifanya nini? Ilichunguza. Mwaka 1905 ilimtuma Rafiki mwenzao, Joseph Burtt, aende kujionea. Naye alirudi mwaka 1907 akathibitisha. Kampuni ilizungumza na serikali, ikasubiri, ikaendelea kununua. Mwezi Machi 1909 ndipo ilipotangaza kuacha. Gazeti moja la London lilikuwa limekwisha kuwalaumu kwa unafiki, nao wakalishtaki kwa kuwachafulia jina. Mwezi Desemba 1909 baraza la mahakama huko Birmingham lilikubali kwamba wamechafuliwa, kisha likawapa fidia ya robo peni, sarafu ndogo kabisa ya Waingereza wakati ule.

Robo peni ile ni mahubiri kamili. Nyumba za Bournville zilikuwa za kweli, na wema wao kwa wafanyakazi wao ulikuwa wa kweli. Lakini wema uliotendwa Uingereza haukuweza kulipa ujira ulionyimwa São Tomé. Aliyepewa bustani hakuwa yule aliyedai. Dawa ya deni ni kulipa, tena kumlipa mwenyewe anayekudai.

5. Mwani na dhahabu

Turudi nyumbani. Kilimo cha mwani kwa biashara kilianza Unguja mwaka 1989, katika pwani ya mashariki, kikaenea hadi Pemba, ambako leo ndiko unakolimwa kwa wingi zaidi. Wakulima wengi ni wanawake. Mwani hutoa kitu kinachotumika kugandisha na kulainisha dawa za meno, vyakula na dawa za hospitali. Kwa miaka mingi utaratibu uliotumika ni huu: mnunuzi huwapa wakulima kamba na tai-tai, na mkulima humuuzia yeye mwani wake kwa bei iliyopangwa.

Mtu anayetazama kwa mbali ataona hisani: kampuni inamgawia mama maskini vifaa bure. Anayetazama kwa karibu atauliza: je, kamba hii ni zawadi, au ni mkopo usioandikwa unaolipwa kila kilo inapopimwa? Huenda utaratibu huo unawafaa wote wawili, kwa sababu mama asiye na mtaji asingeweza kuanza bila kamba. Lakini haki inataka jambo liitwe kwa jina lake. Kama ni mkopo, uandikwe kiasi chake na siku utakapokwisha, ili mama akishaulipa awe huru kumuuzia anayempa bei bora. Watafiti wa hapa nchini, kama Dakta Flower Msuya, wameeleza kwa miaka mingi tatizo la bei ndogo, wakahimiza wakulima wasindike mwani wao wenyewe na kuuongezea thamani. Wameonyesha pia kwamba joto la bahari linaua ile aina ya mwani yenye bei nzuri zaidi. Hasara hiyo yote humwangukia mama aliye majini. Wajibu wa kampuni ungeanzia hapo, katika bei na katika kugawana hasara, kabla haujafika kwenye kofia na fulana zenye jina la kampuni.

Kwa upande wa Bara, somo kubwa limetoka kwenye dhahabu. Mwaka 2008 Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, Jumuiya ya Kikristo Tanzania na BAKWATA, wote kwa pamoja, walitoa ripoti iliyoandikwa na Mark Curtis na Tundu Lissu juu ya uchimbaji wa dhahabu. Ripoti hiyo ilionyesha kwamba wakati makampuni yanatangaza shule na zahanati, taifa lilikuwa likipata sehemu ndogo mno ya utajiri wake, kutokana na misamaha ya kodi na mrabaha mdogo. Hili ni fundisho kubwa kwetu. Mapadre, wachungaji na masheikh walikaa meza moja, wakaacha kuhesabu madawati, wakaanza kuhesabu kodi. Mwaka 2017 sheria za madini zilibadilishwa. Pamoja na mambo mengine, sheria sasa inamtaka mwenye mgodi aandae mpango wa wajibu wake kwa jamii na kukubaliana juu yake na serikali ya mahali. Sheria hiyo ni ya madini ya Bara, wala haitugusi sisi moja kwa moja. Lakini fikra yake yatufaa: msaada usiwe hiari ya mkubwa siku anapojisikia vizuri, bali uwe mapatano yenye maandishi, yanayoweza kudaiwa.

Kwa haki niongeze kwamba mashirika ya umma nayo yako chini ya kipimo hikihiki. Mkulima wa karafuu anakumbuka miaka ambayo bei aliyolipwa na shirika la serikali ilikuwa sehemu ndogo ya bei ya dunia, na ndipo magendo ya kwenda Mombasa yakashamiri. Mwaka 2011 Serikali ya Zanzibar iliamua kwamba mkulima alipwe kiasi cha asilimia 80 ya bei ya soko la dunia. Uamuzi ule ulimfaa mkulima kuliko visima vingi, kwa sababu ulimpa kilicho chake.

6. Zakayo alitenganisha mambo mawili

Tufungue Injili ya Luka, sura ya 19. Zakayo, mkuu wa watoza ushuru, anapompokea Bwana nyumbani mwake, anasimama na kutoa ahadi. Tuisome kwa makini, maana wengi huipita haraka. Zakayo anaahidi mambo mawili, si moja. La kwanza, nusu ya mali yake atawapa maskini. La pili, aliyemdhulumu atamrudishia mara nne. Hakusema kwamba kwa kuwa amewapa maskini nusu, aliowadhulumu wanyamaze. Alijua kwamba sadaka ina mlango wake na deni lina mlango wake. Na wokovu ulifika katika nyumba ile.

Mtume Yakobo naye, katika sura ya 5 ya waraka wake, anasema juu ya ujira wa wavunaji uliozuiliwa, kwamba unapiga kelele mbele za Mungu. Nabii Amosi anawakemea wanaopunguza kipimo na kuzidisha bei. Sisi tunaoishi na pishi ya karafuu tunalielewa neno la Amosi pasipo mfasiri: pishi iliyotiwa kichuguu humwibia mchumaji, hata kama mwenye shamba atampa chakula cha mchana.

Kanisa limeendelea kufundisha hivyo. Papa Leo wa 13 mwaka 1891 alitetea ujira wa haki kwa mfanyakazi. Papa Yohane Paulo wa Pili mwaka 1991 alikubali kwamba faida ina nafasi yake halali, ila si kipimo pekee cha afya ya kampuni. Papa Benedikto wa 16 mwaka 2009 alifundisha kwamba upendo huizidi haki, lakini haupatikani kamwe bila haki. Hatuwezi kumpa mtu kilicho chetu kabla ya kumpa kilicho chake. Na dunia imefikia hatua ya kusema jambo lilelile kwa lugha yake: kanuni za Umoja wa Mataifa juu ya biashara na haki za binadamu, zilizopitishwa mwaka 2011, zinaeleza kwamba mema ambayo kampuni inayafanya mahali pengine hayafidii kuvunja haki za watu katika shughuli zake.

Jirani zetu Waislamu, ambao ndio wengi katika kisiwa hiki, hawahitaji kufundishwa na sisi. Kwao zaka ni haki ya maskini katika mali ya tajiri, na mwenye kupunja mizani ameonywa vikali. Kwa hiyo katika jambo hili hatuna sababu ya kwenda peke yetu.

7. Tufanye nini

Profesa Baron aliwafundisha wakubwa wa makampuni kujiuliza mambo manne kabla ya kuingia katika kiwanja cha pili. Napendekeza tuyachukue mambo hayo manne na kuyageuza yawe yetu.

Kwanza, jambo lenyewe ni lipi? Zawadi ikija, tuulize inaambatana na nini. Je, kuna ardhi, njia, maji au bei inayozungumzwa wakati huohuo?

Pili, ni nani wanaohusika? Tusihesabu walioalikwa kwenye sherehe tu. Tumhesabu mwenye ngarawa, mama wa mwani, mchumaji wa kibarua, na mtoto atakayezaliwa baada ya mkataba wa miaka mingi kutiwa saini.

Tatu, linaamuliwa wapi? Kwa sheha, wilayani, wizarani au mahakamani? Malalamiko yanayopelekwa mahali pasipo na mamlaka huishia kuwa masimulizi.

Nne, habari ziko kwa nani? Mwenye kuujua mkataba ndiye mwenye nguvu. Tuombe usomwe kwa Kiswahili, hadharani, na nakala ibaki kwa wananchi. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Baada ya hapo tuandike orodha mbili katika daftari moja. Ukurasa wa kushoto: kile kampuni inachodaiwa, yaani bei, ujira, kodi, fidia ya ardhi, usafi wa maji, njia ya pwani. Ukurasa wa kulia: kile ilichotoa kwa hiari. Kamwe tusihamishe jambo kutoka kushoto kwenda kulia. Mshahara uliolipwa kwa wakati si msaada. Fidia ya minazi si hisani. Na kisima kilichochimbwa kwa sababu kampuni yenyewe iliharibu cha zamani ni malipo, wala hakistahili hotuba ya shukrani.

Mwisho, tuanze na nyumba yetu. Kanisa nalo hupokea. Tunapenda mabati, saruji, viti na vipaza sauti. Je, tumewahi kuuliza vimetoka wapi? Kiongozi wa dini anayebariki sherehe anaikopesha kampuni kitu cha thamani sana, yaani imani ambayo watu wamemwekea yeye. Na Kanisa pia ni mwajiri: mlinzi wetu, mpishi wetu, fundi wetu wanalipwa nini, na lini? Tukiidai kampuni haki tunayoinyima jikoni kwetu, tutastahili robo peni.

Hitimisho

Ndugu wapendwa, sijaja kuwafundisha kukataa zawadi. Mpemba hamkatai mgeni, na shule yenye paa ni bora kuliko shule inayovuja. Nimekuja kuomba jambo moja: tupokee kwa mikono miwili, huku daftari letu likiwa wazi.

Yule mama wa mfano wetu, siku atakapoulizwa "Mbona mlipokea?", asiinamishe kichwa. Ajibu kwa adabu na bila woga: "Tulipokea mabati, na tumeyashukuru. Njia hatukuiuza. Hebu tuisome karatasi." Nasi viongozi wa walei tuwe tumesimama nyuma yake, Wakristo na Waislamu, nakala ya mkataba ikiwa mkononi.

 

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Taja msaada mmoja ambao jamii yetu imewahi kupokea kutoka kwa kampuni, shirika au tajiri. Je, ulikuwa zawadi, malipo au mkopo? Tumejuaje?

2. Soma Luka 19:1–10. Kwa nini Zakayo hakutosheka na kuwapa maskini nusu ya mali yake?

3. Katika kazi ya karafuu au mwani, ni deni gani ambalo watu wamezoea kuliita hisani?

4. Je, parokia au jumuiya yetu inamdai mtu haki ambayo yenyewe haiitimizi kwa wafanyakazi wake?

5. Ni nani kati ya jirani zetu Waislamu tunaweza kukaa nao kulijadili jambo hili, na lini?